Nanga inalaumiwa bure, amari ndiyo fupi

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo ambalo kwenye madiko (bandari ndogo za wavuvi) ya Pemba na Unguja husemwa kila siku, na kwa maoni yangu husemwa kinyume. Chombo kidogo kinapochukuliwa na maji usiku na kukutwa alfajiri kimelala juu ya mwamba, au nanga inaponasa chini hata ikabidi kamba ikatwe, lawama humwangukia fundi aliyeichomelea. Itasemwa kwamba nondo ni nyembamba, kwamba makucha ni mafupi, kwamba safari ijayo itafutwe nanga nzito zaidi. Mimi nilianza bahari nikiwa baharia wa mashua na baadaye nikawa nahodha wa boti za faiba huku Mkoani, Pemba, na ninachodai ni kwamba mara nyingi nanga haina kosa. Kosa liko kwenye amari, yaani kamba ya nanga, ambayo ama ni fupi, ama ni ya kamba isiyofaa, ama haina mnyororo, na pengine imefungwa mahali pasipostahili kabisa.

Nanga hushika kwa sababu makucha yake yanachimba, na huchimba pale tu inapovutwa kwa ulalo. Mkulima analijua hili kwa jembe lake: akiuvuta mpini ukiwa chini, jembe linazama kwenye udongo, na akiuinua mpini, linang'oka. Amari ndefu ndiyo inayouweka mpini chini. Ikiwa fupi, kila wimbi linaloinua omo, yaani mbele ya chombo, linainua pia shingo ya nanga, na hata nanga ya kilo 30 itang'oka. Ndiyo maana kanuni ya mabaharia duniani kote huhesabu urefu wa amari kwa kulinganisha na kina cha maji: mara 3 kwa kusimama kidogo mchana wakati bahari imetulia na watu wamo chomboni, mara 5 kwa kawaida, na mara 7 au zaidi kwa amari ya kamba pale upepo unapovuma au chombo kinapolala peke yake.

Wengi wanaijua kanuni hiyo, au angalau wamewahi kuisikia. Wanachokosea ni kina chenyewe. Bahari yetu hupanda na kushuka takriban mita 4 wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo), yaani pima 2 na zaidi kidogo (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), ilhali kuna nchi ambazo maji yake hayapandi hata nusu mita, na huko kanuni inaweza kutumika bila ya kufikiri sana. Kwetu haiwezekani. Tuseme umetia nanga maji yakiwa yamepwa, ukapima ukapata pima 2. Kutoka usawa wa maji hadi pale amari inapofungwa omoni kuna nusu pima, na hiyo nayo ihesabiwe, kwa hiyo una pima 2 na nusu. Ukilegeza amari ya pima 10, umepata mara 4, na chombo kitatulia vizuri mbele ya macho yako. Baada ya muda wa saa 6 maji yamejaa, kina pamoja na omo kimekuwa pima 4 na nusu, na amari ile ile ya pima 10 sasa ni mara 2 na kidogo tu. Nanga haikubadilika, wala fundi hakubadilika. Kwa mara 5 palitakiwa pima 22 na nusu, na kwa mara 7, zaidi ya pima 31.

Tena katika bamvua maji yetu hupwa karibu na saa 4 na kujaa karibu na saa 10, usiku na mchana. Mtu anatia nanga saa 4 za usiku, anavuta amari kuona kama imeshika, anaridhika, anakwenda zake kulala. Saa 10 za alfajiri, wakati hakuna anayetazama, ndipo amari inapokuwa fupi kuliko wakati wote. Kisha watu huulizana vipi nanga iliyoshika vizuri usiku ikaachia alfajiri bila ya dhoruba yoyote, na wengine hufika mahali pa kusema kuna mkono wa mtu.

Wakati wa kusi iliyopita vijana wawili walinipitia nyumbani wakiwa wamebeba nanga ya makucha manne. Mkubwa wao akasema, "Shikamoo mzee. Nanga hii haifai, tunamrejeshea fundi wake, tunataka na wewe uwe shahidi." Nikamwitikia, nikawauliza walilegeza pima ngapi. "Kama kumi hivi," akasema, na mwenzake akamwangalia. Nikawaomba waniletee amari nayo, nikaipima kwa mikono: haikufika hata pima 8, kwani waliikata mara moja iliponasa na mara nyingine walimkopesha jirani kipande. Kisha nikawaonesha nanga yao wenyewe. Migongo ya makucha mawili ilikuwa imeng'arishwa na mchanga hadi kutu yote imetoka, lakini ncha zote nne zilikuwa na kutu ile ile ya siku iliponunuliwa. Nanga ile ilikuwa ikitelezeshwa kwa mgongo, haikuwahi kuchimba hata mara moja. Anayetaka kujua kama nanga yake inafanya kazi aangalie ncha kabla ya kwenda kwa fundi.

Kuhusu kamba yenyewe nina neno. Kamba ya plastiki inayoelea imejaa madukani kwa sababu ni rahisi, na kwa kazi nyingine haina ubaya, lakini kwa amari ni adui. Inaelea, kwa hiyo inapolegea huja juu na kutafuta rafadha (pangaboi) ya mashine, ya kwako au ya mwenzako anayepita usiku. Hainyumbuki, kwa hiyo kila mshtuko wa wimbi hufika moja kwa moja kwenye nanga. Na jua huila. Ukiikunja ikatoa unga mkavu kiganjani, umri wake umekwisha. Kamba ya nailoni inazama, inanyumbuka, na inachukua mshtuko. Ni ghali zaidi, sikatai, lakini bei ya tofauti hiyo ni ndogo mno mbele ya bei ya mashine.

Kati ya kamba na nanga pawepo mnyororo, na kwa boti ya faiba ya kawaida urefu wake usipungue urefu wa boti yenyewe. Mnyororo hufanya kazi mbili: uzito wake unailaza shingo ya nanga chini, na chuma chake hakikatwi na ncha za matumbawe, ambazo huikata kamba ndani ya usiku mmoja. Pini ya pingu inayounganisha mnyororo na nanga ifungwe kwa waya isije ikajifungua yenyewe. Pale amari inapopita kwenye ukingo wa omo ivishwe kipande cha mpira wa maji. Na ncha ya mwisho ya amari ifungwe kwenye chombo kabla nanga haijaguswa. Hili ningeona aibu kuliandika kama si kwamba nanga nyingi zilizolala chini ya bahari yetu ziliondoka na amari zao zote, watu wakitazama.

Ili nisionekane nawatetea mafundi kwa kila hali, nikiri kwamba kuna mahali nanga ya nondo haifai, hata ukiipa amari ya pima 50. Makucha yake membamba hushika vizuri kwenye mawe na miamba, lakini kwenye mchanga mlaini na tope la ghuba zetu zenye mikoko hupita kama hakuna kitu. Huko panatakiwa nanga yenye mabamba mapana. Penye nyasi za baharini aina zote mbili hupata taabu, kwa sababu nanga hulala juu ya nyasi, ikabeba fungu la majani na kuteleza nalo. Dawa ni kutafuta kipande cha mchanga, ambacho mchana hujulikana kwa maji yake meupe au ya kijani kibichi hafifu, ilhali nyasi na mwamba huonekana vyeusi. Usiku, au maji yanapokuwa na tope, hakuna kinachoshinda bildi ya wazee wetu: kipande cha madini ya risasi chenye kishimo chini, kishimo kikapakwa grisi, ukaiteremsha na kuipandisha ukaona imerudi na nini. Ikirudi na mchanga, vyema. Ikirudi safi na ina mikwaruzo, uko juu ya jiwe, na ni heri usogee kabla hujatia nanga kuliko kuhangaika baada ya kuitia.

Namna ya kuitia nayo ina makosa yake, na kubwa ni kuirusha. Nanga ikirushwa pamoja na fungu la amari, mnyororo huanguka juu yake na kuzonga makucha, kisha hata ikivutwa namna gani haiwezi kuchimba. Chombo kielekezwe omo kwenye upepo au mkondo, kulingana na upi una nguvu zaidi wakati huo, kisimame, nanga iteremshwe kwa mkono hadi iguse chini, na chombo kiachwe kirudi nyuma chenyewe huku amari ikilegezwa kidogo kidogo. Ikifika theluthi moja, izuiwe kwa muda ili makucha yageuke yaanze kuchimba, kisha iendelee kulegezwa hadi mwisho. Mwenye mashine airudishe nyuma kwa upole, aongeze nguvu taratibu, huku mtu mmoja ameweka kiganja juu ya amari pale omoni. Amari ya nanga iliyoshika hukaza na kutulia. Amari ya nanga inayoburura hutetemeka, hulegea, hushtuka, hukaza tena. Mkono unalihisi hilo mapema kuliko macho.

Kisha zichukuliwe alama mbili za nchi kavu zilizo ubavuni mwa chombo, moja mbele ya nyingine, kwa mfano mnazi na mnara wa msikiti ulio nyuma yake, kama wavuvi wanavyofanya kukumbuka mwamba wenye samaki. Zikiachana na zikazidi kuachana, unaburura. Ukiona hivyo, usikimbilie kuing'oa. Kwanza ongeza amari, kwani mara nyingi hilo peke yake hutosha. Mkondo ukigeuka, angalia tena, maana chombo huzunguka na amari ikaweza kujizonga kwenye kucha lililobaki juu, na hapo nanga ya nondo hung'olewa na amari yake yenyewe.

Sasa nije kwenye nanga iliyonasa, ambako watu huumia na vyombo huzama. Wengi hufikiri ni suala la nguvu. Amari huvutwa na watu wanne waliosimama upande mmoja, au hufungwa nyuma na mashine kutiwa moto. Naomba hili lisomwe polepole: amari isifungwe nyuma kamwe, wala katikati ya ubavu, si wakati wa kuvuta wala wakati wa kulala. Boti ya faiba iko juu mbele na chini nyuma, na huko nyuma kuna uzito wa mashine, mafuta na mtu anayeiendesha. Ikivutwa chini upande huo, wimbi moja linaingia juu ya ubao unaoshika mashine, maji yakikimbilia nyuma yanaishusha zaidi, na la pili huikuta haina tena namna ya kuinuka. Ikifungwa ubavuni, hupinduka. Kazi yote ya nanga ifanyike omoni, bila ya kuzungusha amari mkononi, na kisu kikali kiwe karibu.

Njia yenye akili zaidi ni kujitayarisha kabla. Badala ya kufunga mnyororo kwenye pete ya juu ya nanga, ufungwe chini, kwenye kichwa ambako makucha yanakutana, kisha upitishwe kandokando ya shingo na kubanwa kwenye pete ya juu kwa mizunguko michache ya uzi wa kushonea nyavu. Katika hali ya kawaida nanga huvutwa kutoka juu kama inavyotakiwa. Ikinasa, amari inasimamishwa wima, inafungwa omoni, na wimbi likiinua chombo uzi unakatika, nanga inageuka na kutoka kinyumenyume kwa njia ile ile iliyoingilia. Hasara yote ni uzi. Wavuvi wa mishipi juu ya miamba wanaijua njia hii na ningependa iwafikie wengine, ila kwa onyo moja: isitumike chombo kinapolala bila ya mtu, kwani upepo ukigeuka na kuzidi, uzi huo huo utakatika usiku na chombo kitakwenda kinakotaka.

Kwa kulala, njia salama ni kamba ya pili nyembamba inayofungwa kwenye kichwa cha nanga na kuishia kwenye chelezo, yaani boya dogo linaloelea juu. Urefu wake uwe wa kina cha maji yakijaa na pima moja ya ziada. Ikiwa fupi zaidi, maji yakijaa chelezo kitazama au kitaiinua nanga. Ikiwa ndefu mno, itaingia kwenye rafadha. Nanga ikinasa, unakiendea chelezo na kuvuta kutokea huko.

Asiye na kimoja wala kingine alegeze amari nyingi, azunguke polepole hadi upande wa pili wa nanga, na avute kinyume cha mwelekeo ilioingilia. Kama maji yanajaa, anaweza kuikaza amari omoni na kuyaacha maji yafanye kazi, mradi asiondoke hapo hata kwa dakika moja, kwani bahari inayopanda haijali kama inainua nanga au inazamisha omo. Kupiga mbizi peke yako chini ya chombo kinachorukaruka, ukaingiza mkono kati ya jiwe na chuma, ni jambo ambalo mimi sitamshauri mtoto wa mtu.

Kuna nanga isiyopaswa kuvutwa kabisa. Tangu 2010 umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari na kupanda nchi kavu Wesha, na upande wa Unguja waya zinazotoka bara huibukia Fumba. Njia hizo zinaoneshwa kwenye ramani za bahari na si mahali pa kutia nanga. Aliyepitiwa akanasa huko akate amari na atoe taarifa. Nanga inanunuliwa tena.

Wenye boti za watalii nao nawaambia kwamba nanga ya nondo iliyonasa kwenye mwamba wa kisiwa cha Misali, ambao umehifadhiwa tangu 1998, haitoki bila ya kuvunja kitu, na tumbawe la mviringo linaweza kuchukua mwaka mzima kukua sentimita moja. Penye boya la kufungia, chombo kifungwe hapo. Pasipokuwa na boya, mchanga upo kando ya mwamba kwa anayejali kuutafuta.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni kwa wote wanaogawa na kuuza boti za faiba kwa vikundi vya wavuvi na wakulima wa mwani. Nimeona boti zikikabidhiwa zikiwa na mashine mpya, makoti ya kuokolea maisha, na nanga inayong'ara kwa rangi, pamoja na kifungu cha kamba ambacho hakuna aliyekifungua kukipima. Amari nayo iandikwe kwenye orodha ya vifaa kwa urefu wake, pima 35 za nailoni na mnyororo wake kwa boti itakayolala kwenye maji yetu ya kawaida, na wakaguzi wa vyombo waitandaze mchangani waihesabu kama wanavyohesabu makoti. Na kamati za wavuvi kwenye madiko zinaweza kuanza hata kabla ya hapo, siku yoyote maji yakiwa yamepwa na vyombo vimelala pwani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Nahodha mstaafu,
Mkoani, Pemba